Uvimbe kwenye ovari na mimba ya wiki 11, nikifanyiwa operesheni nitazaa tena?

Nuru_K: Habari zenu wapendwa, naombeni msaada wa mawazo, tangu juzi usingizi sina. Mimba yangu ya kwanza, wiki 11, nimeenda ultrasaundi ya kawaida tu kumwangalia mtoto wakakuta na uvimbe ovari ya kulia, sm 8, na siyo maji matupu, ndani kuna kama vitu vizito. Mtoto mapigo yako vizuri namshukuru Mungu. Daktari kasema nirudi wiki ya 16, kama bado upo nifanyiwe operesheni. Nikamuuliza mtaitoa ovari yote? akajibu tutaona tukishafungua, hapo ndo nguvu zikaniisha. Kwa nini nisubiri wiki 5 zote? Na kipimo cha damu cha CA-125 kimetoka juu kidogo, mume wangu kasoma kuwa ni cha kansa, tumelia wote.

Mkunga_wa_zamu: Pole sana mdogo wangu. Nianze na hiyo CA-125, miezi 3 ya kwanza ya ujauzito inapanda yenyewe hata kwa mtu asiye na uvimbe wowote, kwa hiyo peke yake haisemi kitu. Uvimbe mwingi unaoonekana mapema unatokana na pale yai lilipotoka, pale ndo panatengeneza homoni ya projesteroni ya kushikilia mimba mpaka kondo la nyuma lichukue kazi, na kwa kawaida unayeyuka wenyewe kabla ya wiki 16. Ndo maana anasubiri. Wa kwako una vitu ndani na ni mkubwa kwa hiyo unaweza usiondoke, lakini hata ukibaki, mwingi wa namna hiyo siyo kansa. Baada ya wiki 14 hatari ya mimba kutoka ni ndogo kuliko sasa, na tumbo bado halijawa kubwa la kumzuia daktari kufanya kazi.

mama_Imani: Mimi wangu ulikuwa ule wenye mafuta na nywele ndani, sm 9, nikafanyiwa wiki ya 17 kwa matundu madogo, wakaumenya uvimbe ukatoka na ganda lake ovari wakaiacha. Mtoto ana miaka 4 sasa na baadaye nikabeba mwingine bila dawa yoyote. Hata wangeitoa hiyo moja, ukibaki na nyingine nzima yai linaendelea kutoka kila mwezi, dada usikate tamaa.

Salma.R: Nuru hili lisome mara mbili tafadhali. Wangu ulijipinda wiki ya 13, maumivu yalikuja ghafla upande mmoja na kutapika, mimi nikadhani ni kichefuchefu cha mimba nikalala nayo mpaka asubuhi. Walipofungua ovari ilikuwa nyeusi, daktari akaipindua ikarudi mahali pake akaiacha badala ya kuikata, na miezi kadhaa baadaye ultrasaundi ikaonyesha inatoa mayai. Ukipata maumivu ya hivyo usingoje wiki 16, nenda usiku huo huo.

Nuru_K: Mungu awabariki, nimelia tena ila afadhali. Na dawa ya usingizi haimdhuru mtoto? Na lile jibu la tutaona nalifanyaje?

Mkunga_wa_zamu: Dawa za usingizi zinazotumika kawaida hazijaonekana kuleta ulemavu kwa mtoto, wasiwasi wetu sisi ni zaidi tumbo kuanza kubana kabla ya wakati, ndo maana watapima mapigo ya mtoto kabla na baada. Kuhusu ovari rudi kwake na mumeo kabla ya siku yenyewe mwambie wazi, nataka kuzaa tena, uvimbe ukionekana salama utoe peke yake. Muulize pia ukionekana wa mashaka atafanya nini, maana hata hapo, kama haujasambaa, mara nyingi inatolewa ovari ya upande mmoja na mfuko wa uzazi na ovari ya pili vinabaki, mimba inaendelea. Mkikubaliana yaandikwe kwenye fomu ya ridhaa ndo utie sahihi.

Nuru_K: Tunaenda Jumatatu, maswali nimeshayaandika kwenye karatasi, mume wangu kasema atayasoma yeye mimi nikishindwa kuongea.