Skii Nordmarka Jumapili hii: Frognerseteren mpaka Sognsvann, mgeni ataweza?

KijanaWaIgoma
Wakuu, habari zenu. Niko Oslo tangu Agosti, nasoma. Wenzangu wa maabara wamepanga Jumapili twende Nordmarka, msitu wa kaskazini mwa jiji, na zile skii nyembamba za kutembelea msituni, siyo za kupandishwa mlimani na lifti. Tunaanzia Frognerseteren, tunakula Ullevålseter, mgahawa wa humo msituni, halafu tunateremkia Sognsvann. Theluji mimi naijua ya kwendea dukani tu. Nikiuliza ni kilomita ngapi wananiambia "ni matembezi mafupi", na matembezi mafupi ya Wanorwei nimeshayaonja kiangazi. Pumzi ninayo, mpira nacheza. Ila nataka mtu wa kwetu aniambie kweli: niende, au nitafute homa? Na vifaa napata wapi? Bei nilizoziona dukani ni kodi ya chumba.

MamaWaGrorud
Mwanangu, nenda. Homa itafute Jumatatu, utaihitaji kwa ajili ya mapaja.

Vifaa usinunue. Kuna mpango unaitwa BUA, wanaazimisha vifaa vya michezo bure. Wahi mapema, wikiendi ya theluji nzuri vinaisha. Omba skii zenye manyoya chini, wenyewe wanaziita *felleski*. Za kawaida zinapakwa nta pale katikati, chini ya mguu, ili zinate unapojisukuma, na nta huchaguliwa kwa baridi ya siku hiyo: bluu ikiwa chini ya sifuri kidogo na theluji ni kavu, ila hali ikikaribia sifuri kila mtu ana dini yake. Utawakuta wazee wamesimama nje ya kituo wanabishana rangi. Wewe achana na siasa hizo. Manyoya yanateleza ukienda mbele, yanashika ukitaka kurudi nyuma, basi.

Sasa, umeuliza kilomita, na kilomita siyo shida. Frognerseteren iko kama mita 470 juu ya usawa wa bahari, Sognsvann 183. Treni namba 1 imeshakupandia mlima. Ulichobakiza, ukiacha vilima vya katikati, ni kuteremka, na skii hizi hazina kingo za chuma, tena kisigino hakijafungwa: kiatu kimeshikwa kwa mbele tu. Hapo ndipo mpira hautakusaidia.

Kwenye mteremko mpole baki ndani ya ile mifereji miwili iliyochorwa na mashine, kunja magoti, fimbo zielekee nyuma, ziache zikupeleke. Mteremko ukiwa mkali, toka kwenye mfereji KABLA hujashika kasi. Ncha za skii zikaribiane, visigino visukume nje, uzito ukae upande wa ndani wa nyayo: hiyo ndiyo breki yako. Ukiona mambo yanaharibika, kaa chini kwa ubavu, mapema, ungali na uamuzi. Usingoje mti ukuamulie. Ukishaanguka toka njiani haraka: anayeshuka ndiye mwenye haki ya njia, na nyuma yako kuna baba anakuja anavuta mtoto kwenye kisleji.

Na ukiona hapashukiki, vua skii ushuke kwa miguu pembeni kabisa. Hakuna atakayekucheka. Ila usikanyage mifereji kwa viatu! Watu hawa wapole, lakini hapo watakusemesha.

Kapsabet_Bergen
@KijanaWaIgoma wewe una bahati, unaanza na mama wa kukufundisha. Philip Boit wetu alikuwa mkimbiaji wa 800m, hajawahi kuona theluji mpaka alipopelekwa Finland 1996. Miaka miwili baadaye yuko Nagano kwenye Olimpiki, kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na Bjørn Dæhlie aliyeshinda akamngoja pale kwenye mstari amkumbatie, sherehe ya medali ikasubiri. Boit akampa mwanawe jina Dæhlie. Wazee wa huku ukitaja Kenya wanakuhadithia hiyo kabla hujamaliza kusalimia. Pumzi bila ufundi inakufikisha, lakini inakufikisha wa mwisho 😂

Fundi_Drammen
Mama, kwa heshima zote, mimi simpeleki mgeni Frognerseteren siku ya kwanza, tena Jumapili watu wamejaa kama Kariakoo. Alhamisi jioni apande treni namba 5 mpaka Sognsvann, pale kuna njia zenye taa. Ajizungushe saa moja peke yake, aanguke bila hadhira. Jumapili atakuwa mtu mwingine.

MamaWaGrorud
Fundi amesema vizuri, na mimi nabadilisha: Alhamisi kwanza. Ukifika panda kilima kimoja, shuka, panda tena. Kupanda ni kutanua ncha kama V na kukanyaga kwa ukingo wa ndani, alama zinabaki kama mifupa ya samaki. Rudia hicho kilima hadi kikuchoshe.

KijanaWaIgoma
Asanteni sana. Alhamisi naenda. Maswali mawili tu: nivae nini, maana nina koti kubwa la baridi, na fimbo urefu gani? Nina 172 cm.

MamaWaGrorud
Koti kubwa libaki nyumbani. Ndani sufu nyembamba, juu koti jepesi la kuzuia upepo. Pamba hapana, hata fulana: ikilowa jasho inakaa na baridi mwilini. Pale kituoni usikie kibaridi; ukiwa na joto kabla hujaanza, umevaa sana. Kwenye begi weka sweta kavu, glavu za akiba, maji ya moto na machungwa. Ullevålseter wanauza keki ya tufaha, beba kadi, na ukishaingia vua ya ndani iliyolowa uvae kavu kabla ya kula. Watu wengi wanaganda baada ya kula, siyo njiani.

Fimbo ni urefu wako mara 0.85 au pungufu kidogo. Chukua 145.

Fundi_Drammen
Na fuata alama nyekundu kwenye miti na vibao. Za bluu ni za kiangazi, nyingine zinapita juu ya mawe.

Kapsabet_Bergen
Jumatatu utuletee ripoti. Ukiwa umelala pia, andika tu.