Binti anataka kilimo hapa Iowa: Ames moja kwa moja, Kirkwood kwanza, ama Calmar?

BabaMasisi
Habari zenu ndugu. Sisi tuko Cedar Rapids, jimbo la Iowa Marekani, binti yangu anamaliza sekondari mwezi wa tano na kichwa chake kiko kwa ng'ombe tu, babu yake alifuga kule Masisi, mashariki ya Kongo, na hizo stori za maziwa na jibini amekua nazo ingawa mwenyewe hajawahi kukanyaga kule. Nimebaki na njia tatu: Iowa State pale Ames miaka minne, ama aanze koleji ya Kirkwood hapa nyumbani miaka miwili halafu ahamie, ama Calmar kwa ile koleji ya Northeast Iowa yenye kituo cha maziwa. Kuna jamaa kazini anasema nimpeleke Iowa City kwa sababu ni karibu. Pesa si nyingi na huyu ndiye wa kwanza kwetu kuingia chuo, naombeni msaada.

mkulima_ames
Karibu baba. Iowa City ondoa kabisa kwenye hesabu, University of Iowa ni chuo kizuri cha udaktari na sheria lakini kitivo cha kilimo hawana. Watu wanachanganywa na majina. Kilimo kiko Iowa State, Ames, chuo kilianzishwa 1858 kwa ajili ya wakulima kabisa, na George Washington Carver aliyezaliwa utumwani alichukua digrii pale 1894 na ya pili 1896, mwambie binti asome habari zake. Kuna kitu nilikipenda sana mimi, kozi ya Ag 450, wanafunzi wenyewe ndio wanaendesha shamba zima, wanaamua mbegu gani inunuliwe, nguruwe wauzwe lini, hasara ikitokea ni yao. Kuhusu kuingia angalieni RAI, ile alama ya udahili, wanachanganya maksi za ACT (mtihani wa kuingia chuo) na GPA (wastani wa maksi za sekondari) na idadi ya masomo ya msingi, mkazi wa Iowa akifika 245 anakubaliwa bila maswali mengi.

Mama Tausi
Shikamoo baba Masisi. Mimi naongea kwa uchungu maana yametukuta. Kijana wangu alisoma miaka miwili koleji moja, sitaitaja, akafaulu vizuri tu, kufika kuhamia chuo kikuu krediti nyingi, yaani pointi za masomo aliyofaulu, zikakataliwa kwa sababu digrii yake ilikuwa ya kazi, ile wanaita AAS, imetengenezwa mtu akimaliza aingie shambani ama dukani kwa wauza mbolea. Hakuna aliyetuambia! Digrii ya miaka miwili ya kuhamia chuo kikuu ni AA ama AS. Kwa hiyo kabla hujauliza koleji gani, uliza karatasi gani atatoka nayo. Na hata hiyo nzuri ina kikomo, Iowa State wanapokea krediti 65 tu kutoka koleji za miaka miwili, zaidi ya hapo unalipia bure.

shamba_darasa
Mama kasema kweli tupu. Kirkwood nimesoma, shamba liko pale pale chuoni, unatoka darasani unaenda kwa nguruwe na viatu vyako vya mpira, na akilala nyumbani kwenu umeokoa kodi na chakula cha miaka miwili, hiyo ni hela nyingi sana baba. Akijiandikisha ule mpango wa ushirikiano wa kuhamia Iowa State anapata mshauri wa Ames akiwa bado Kirkwood. Calmar ni kwa mtu anayetaka kukamua na kusimamia zizi akimaliza tu, hilo wanalifanya kwa mikono hasa.

nakato_kla
Mimi ni Mganda, niongeze moja, Iowa State wana kazi yao Kamuli, kule Uganda, tangu 2004, wanafunzi wa Ames wanaenda kule pamoja na wa Makerere wanafundisha bustani mashuleni. Mtoto mwenye asili ya huko kwetu pale atafaa sana.

mkulima_ames
Muulize binti swali moja tu: anataka kukamua, kutibu, ama nini? Kama ni kutibu, chuo cha mifugo cha Ames ni cha 1879, cha kwanza cha umma Marekani, ila hiyo ni safari ndefu ya miaka.

BabaMasisi
Asanteni sana, Mungu awabariki. Jana usiku nilimuuliza tukiwa mezani. Akanyamaza kidogo, akasema anataka kujua kwa nini ng'ombe wa babu walikuwa wengi na maziwa kidogo. Mama yake akacheka, mimi sikuweza hata kujibu.

mkulima_ames
Baba hiyo ni lishe na uzazi wa mifugo, hayo ni Ames, sayansi ya maziwa. Usimfungie kwenye AAS.

BabaMasisi
Basi tumeelewana nyumbani, Kirkwood kwanza kwa AS, analala kwetu, halafu Ames. Jumatatu tunaenda ofisi ya udahili mimi na yeye, na nimeshaandika kwenye karatasi swali la Mama Tausi liwe la kwanza. Mama, kijana wako zile krediti alizirudia zote ama kuna zilizookolewa?

Mama Tausi
Hesabu na baiolojia zilipita. Zingine alirudia, anamaliza mwezi wa kumi na mbili.