Ushauri: vichekesho vya lugha chafu kwa vijana wangu, nichukue toleo la bure, la kulipia, au tuachane navyo?

Msomi_Kimya
Habari zenu wakuu. Likizo inakaribia na vijana wangu wananisumbua niwalipie tamthilia moja ya vichekesho ya mtandaoni, ile ambayo shuleni kwao kila mtu anaizungumzia. YouTube ipo bure, ila huko matusi yamefunikwa na ule mlio wa "piii" na vipande vingine vimekatwa. Toleo kamili lipo kwenye app ya kulipia, unanunua msimu mzima kwa mkupuo, hakuna matangazo, lakini pia hakuna kilichofunikwa. Chaguo la tatu ni kuwatafutia kitu kingine kabisa, labda katuni. Nimetazama sehemu ya kwanza, nimecheka kweli, ila midomo ya hao watu ni michafu. Ofa inaisha Ijumaa. Mnashauri nichukue lipi?

Nahodha77
Mkuu, hao vijana wana umri gani? Hilo ndilo swali la kwanza na umeliruka. Wa miaka 16 na wa miaka 9 huwezi kuwapikia chungu kimoja.

Fundi Picha
Na jina la tamthilia? Bila jina tunapapasa gizani.

Msomi_Kimya
Jina naomba nisilitaje, sitaki uzi uonekane wa kuipigia debe au kuichafua kazi ya watu. Ni wapangaji wanne na mwenye nyumba wao. Kuna matusi, mizaha ya chooni, na mafumbo ya chumbani hapa na pale. Ngono ya kuonyeshwa hakuna, damu hakuna.

Nahodha77
Umri, mkuu. Umri!

Fundi Picha
Wakati tunasubiri umri, mimi nasema kaa YouTube. Tangu 2021 wana akaunti za watoto zinazosimamiwa na mzazi, zina ngazi tatu: ya kwanza ni ya kuanzia miaka 9, ya pili kuanzia 13, ya tatu inafungua karibu kila kitu isipokuwa video za 18+. Weka ngazi, halafu tafuta hiyo tamthilia ukiwa ndani ya akaunti ya mtoto. Isipoonekana, umepata jibu lako bila kubishana na mtu. Toleo la kulipia lisilofunikwa kitu mimi nisingelinunua kabisa.

Mwalimu_wa_Zamu
Fundi, hizo ngazi ni mashine inachuja, na yenyewe YouTube haijawahi kuahidi kwamba haikosei. Huo mlio nao hauzuii lolote. Mtoto anasoma midomo, na wenzake wameshamwambia neno lenyewe. Msomi, fanya jambo moja: washa manukuu ya sehemu yoyote, yale maandishi ya chini ya video, kisha zima sauti. Manukuu yanayojiandika yenyewe kwa kawaida huacha pengo penye tusi, lakini yale waliyoyaandika watengenezaji wakati mwingine yanalitaja herufi kwa herufi, mlio ukiwa unalia juu yake. Ukisoma hivyo bila sauti ya kuchekesha utajua haraka unachokinunua.

Jirani Mwema
Jamani, matusi watoto wanayasikia barabarani kila siku. Ukikataza unaongeza hamu, watatazama kwa rafiki. Nunua toleo kamili, kaa nao, chekeni pamoja, elezeni yanayohitaji kuelezwa. Mimi ndivyo nilivyolea na wangu wana adabu zao.

Mama Pacha
Jirani, naheshimu malezi yako, ila nisikilize. Mwaka jana mtoto wa dada yangu, miaka 8, alikuwa anatazama vichekesho vya aina hii pamoja na binamu yake mkubwa. Matusi yalikuwa machache, na dada alikuwa anayahesabu kweli, akaona si mabaya sana. Kulikuwa na mhusika mwenye kigugumizi. Kila akifungua mdomo wenzake wanamrudia silabi ya kwanza, wanajigonga kidevu, kile kicheko cha kurekodiwa kinapasuka. Hakuna tusi hata moja hapo, kwa hiyo hakuna mlio wala onyo.

Darasani kwake kuna mtoto mwenye kigugumizi. Kijana wetu akaanza kumfanyia vilevile, mpaka kile cha kujigonga kidevu. Wenzake walicheka, basi akaendelea. Mwalimu alipoita wazazi, yule mtoto mwenzake alikuwa ameshaacha kunyoosha mkono, akiulizwa swali anaandika jibu kwenye karatasi na kumpelekea mwalimu. Wazazi wake walikaa mbele ya dada yangu na kile kikaratasi mkononi. Sikuwahi kumwona dada akikosa la kusema namna ile. Na kijana wetu si mkatili, alikuwa anaona ni utani tu kama wa kwenye video, kwa sababu kule yule mhusika huwa hakasiriki. Anachekwa, sehemu inayofuata anarudi vilevile.

Kwa hiyo Msomi, usihesabu matusi. Angalia nani anachekwa, na kwa lipi.

Mwalimu_wa_Zamu
Hili la Mama Pacha ndilo lenyewe. Mzaha wa ushuzi humcheka kila mtu, maana hakuna asiye na tumbo. Mzaha wa mlemavu, mnene au maskini unachagua wa kuumizwa. Mimi heri mtoto arudi nyumbani na tusi, hilo tunalisahihisha siku hiyohiyo.

Jirani Mwema
Sikubaliani kwamba tusi ni dogo. Mtoto akimtukana bibi yake mbele ya wageni utasema tunasahihisha siku hiyohiyo?

Mwalimu_wa_Zamu
Ndiyo, nasema hivyohivyo. Na wewe hapo juu ulisema anunue toleo kamili!

Nahodha77
Mnazunguka. Chukua katuni, mambo yaishe. Kuna lebo ya "inafaa watoto", chagua humo.

Fundi Picha
Hapana Nahodha, hapo wazazi wengi wanaingia mkenge. Kuchorwa hakumaanishi ni ya mtoto, kuna katuni kibao zenye alama ya TV-MA, yaani za watu wazima. Na hiyo lebo ya YouTube ilikuja Januari 2020 kwa sababu ya sheria ya Marekani ya kukusanya taarifa za watoto, baada ya kampuni kutozwa dola milioni 170 mwaka 2019. Anayeiweka kwa kawaida ni mwenye video. Inahusu zaidi taarifa na matangazo kuliko adabu.

Filamu za sinema angalau zina bodi ya kuzipangia alama za umri. Uingereza wana 12, 15 na 18. Marekani PG-13, ya kuwatahadharisha wazazi wenye watoto chini ya miaka 13, ipo tangu 1984, na utaratibu wao ni kwamba lile tusi zito la kingono likitajwa zaidi ya mara moja, kwa kawaida filamu inapanda kwenda R, ambayo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Video ya mtandaoni inapakiwa na mtu chumbani kwake, haijapitia kwenye meza ya yeyote. Kwa hiyo bodi ni wewe mzazi.

Nahodha77
Sawa, nimekuelewa kwenye lebo. Lakini bado hatujui umri!

Msomi_Kimya
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Wa kiume ana 14, wa kike ana 10. Wanatumia kishikwambi kimoja.

Mama Pacha
Ungeanza na hilo ndugu yangu. Wa 14 mnaweza kuzungumza naye akaelewa. Wa 10 atatazama chochote kaka yake anachotazama, akiwa nyuma ya bega lake.

Fundi Picha
Kishikwambi kimoja kinabadilisha kila kitu. Ukinunua toleo kamili, tengeneza wasifu (profile) mbili ndani ya app, na ya mkubwa uifunge kwa namba ya siri. Na zima kile cha video kujicheza zenyewe mfululizo.

Jirani Mwema
Namba ya siri mtoto wa 14 anaikariri kwa kuangalia vidole vyako mara moja. Weka kwenye runinga ya sebuleni, bila vifaa vya masikioni. Atakayecheka wote mtasikia anacheka nini.

Mwalimu_wa_Zamu
Hapo kwenye vifaa vya masikioni nakuunga mkono. Ila Msomi, sehemu ya kwanza huwa ya kunasa watu. Tazama na za katikati, ndipo waandishi wanapoanza kuishiwa na kuokoteza. Huyo mwenye nyumba wanamcheka kwa lipi?

Msomi_Kimya
Ni mzee, hasikii vizuri. Wanamjibu vitu vingine makusudi, naye anaitikia.

Mama Pacha
Na vijana wako wana babu au bibi wa namna hiyo nyumbani?

Msomi_Kimya
Mama yangu yupo hapa, sikio moja ni zito. Nitatazama ya nne na ya tano leo usiku wakishalala. Ofa ikipita basi, lakini wa kiume ameshaniahidi kuosha vyombo likizo nzima, sijui nitamwambia nini.

Nahodha77
Mwambie ukweli huohuo wa bibi, miaka 14 anaelewa. Fundi, hizo wasifu mbili zinawezekana hata kwenye runinga za zamani, au mpaka nibadilishe?

Fundi Picha
Inategemea app. Fungua sehemu ya mipangilio, piga picha utume hapa.