Darasa la nane Likoni 1997: waliohamishwa na vita leo wanaitwa wageni?

Jamani, nimekasirika na sitalificha. Sisi tuliosoma darasa la nane mwaka 1997, shule moja ya msingi huku Likoni, Mombasa (jina naliacha, wenyewe mtajijua), tunapanga kukutana Desemba. Kukutana ni jambo la heri. Kundi la WhatsApp lipo, kamati ipo, michango inatumwa kwa M-Pesa, na hoteli Diani imeshapewa arubuni. Juzi kamati ikatoa kile inachokiita orodha kamili ya darasa. Nimeisoma juu mpaka chini. Watoto niliokaa nao dawati moja hawamo.

Nikauliza, orodha hii imetoka wapi? Nikajibiwa imenakiliwa kwenye matokeo ya KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane. Aliyemo kwenye matokeo ndiye mwenzetu, na asiyemo eti "hakumaliza na sisi".

Hakumaliza! Nyinyi si watoto wa Likoni nyinyi? Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka ule kituo cha polisi kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na kuanzia hapo ikawa ni kuchoma vibanda na kuwinda watu wa bara, yaani waliohamia pwani kutoka sehemu nyingine za Kenya, nyumba kwa nyumba. Vikaratasi vya kuwaambia waondoke vilikuwa vimeshasambazwa. Shule zilikuwa likizo. Wako wenzetu waliolala na wazazi wao kwenye uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni, wako waliovuka feri na magodoro kichwani na hawakurudi tena. Walikuwa wameshasajiliwa kwa mtihani, pamoja na mimi, pamoja na huyo mwenyekiti wa kamati. Muhula wa tatu ulipofunguliwa madawati yalikuwa matupu, kisha ukaja mgomo wa walimu wa Oktoba, na mvua za El Niño juu yake. Sisi tuliobaki tulifanya mtihani kwa taabu, lakini tuliufanya. Wao walifukuzwa na moto, kisha leo mtu amekaa Nyali kwenye kiyoyozi anaandika "hakumaliza".

Wala si watu wa bara peke yao. Polisi walipoanza msako, vijana wa Kidigo, wenyeji wa huku pwani, walikamatwa na kupigwa ovyo, na familia nyingi zikawatorosha watoto wa kiume kwa jamaa zao ndani ndani huko Kwale. Golikipa wetu aliondoka hivyo. Naye hayumo kwenye orodha, na nyumba ya kina babake haiko mbali na kwa mweka hazina!

Nilipolalamika, mwenyekiti akatuma ujumbe wa sauti: anayetaka kutupata atatupata, siku hizi kila mtu yuko Facebook. Si kweli. Msichana aliyekuwa akituongozea wimbo wa taifa paredi huenda leo anaitwa kwa jina la mumewe, na mtaani kwake hajulikani ila kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Utamtafuta huko kwa jina gani? Wengine wako Saudia na Qatar, simu wanaishika usiku kazi ikiisha. Nambari chache tulizozipata miaka ya baadaye nazo, laini zikikaa bila kutumika kampuni humpa mtu mwingine. Ukipiga unapokewa na mgeni kabisa. Na 1997 hatukuachiana nambari. Tuliachana hivi hivi.

Lakini watu wa mtaa wapo. Wazazi wengi wa darasa letu walikuwa makuli na makarani wa bandarini, wengine wanamaji wa kambi ya Mtongwe, na wastaafu wenzao wanajua nani alirudi kijiji gani. Kanisa lina vitabu vya ubatizo. Shule ina rejista ya usajili yenye jina la mzazi. Mwalimu mkuu akiona kutupa nakala kutavunja sheria ya data ya 2019, basi tumwombe aulinganishe tu msururu wa majina yetu na wake atuambie nani amekosekana. Na wenye nyumba! Hakuna anayewakumbuka wapangaji kama mwenye nyumba wa Likoni. Nilimwendea bibi mmoja Shika Adabu, akanitajia bila kufikiri soko la karibu na kwao mpangaji wake wa zamani, na anayeuza nini pale. Kutoka hapo nilimpata mtoto wao, mwenzetu, yuko hai, ana watoto wakubwa. Aliniambia alilirudia darasa la nane 1998 huko bara kwa sababu usajili wake ulibaki Likoni na babake hakuwa na nauli ya kuja kuufuata. Akaniuliza kama mwalimu wetu wa hesabu yungali hai.

Nikampeleka kwenye kundi kwa furaha. Mweka hazina akamkaribisha kwa kumwambia alipe kiwango cha mgeni.

Mgeni! Mtu aliyeanza na sisi darasa la kwanza, akafagia darasa lile lile, akachapwa fimbo zile zile, alipe zaidi kuliko sisi kwa sababu nyumba yao ilichomwa! Alijitoa kwenye kundi usiku ule ule. Nilipoandika kwamba hili ni jambo la aibu, kundi likafungwa, wakawa wanaandika maadmini peke yao. Mpaka sasa hakuna aliyempigia simu kumwomba radhi, na rangi ya fulana wameshaichagua.

Nataka orodha ianze upya kwa rejista ya darasa la kwanza, siyo kwa matokeo. Nataka aliyehama alipe kama sisi, na akishindwa tumlipie, pesa za fulana zitatosha. Na shughuli ifanyike uwanjani shuleni kwetu, Diani ni kwa nani? Mpaka hapo mchango wangu siutoi.

Wewe uliyekuwa darasa la nane Likoni mwaka ule ukaondoka Agosti, au una kaka au dada aliyeondoka, usiweke jina lako wala nambari hapa. Andika tu shule na mwalimu wa darasa alikuwa wa somo gani, nami nitakufuata faraghani.