Dirisha la tiketi stesheni: lifungwe au libaki?

Wadau, nina mada. Julai 2023 kampuni za treni Uingereza zilitangaza kwamba zinafunga karibu madirisha yote ya kukatia tiketi stesheni. Hoja yao ilikuwa hesabu: mwaka 1995 tiketi zaidi ya 80 katika kila 100 zilikatwa dirishani, mwaka 2023 ni kama 12 tu, zilizobaki watu wanakata kwa simu na mashine. Abiria walipoulizwa wakatuma maoni yapata 750,000, karibu yote ya kukataa. Tarehe 31 Oktoba serikali yenyewe ikaziambia kampuni ziachane na mpango huo.

Mie nipo na hao abiria, na sababu nimeipata hapa hapa Tanga, stendi ya Kange. Shangazi yangu wa Makorora ana simu ya kitochi. Alitaka basi la tarehe 21, akamwendea kijana mmoja mwenye simu kubwa, chini ya mwavuli, amkatie tiketi mtandao. Kijana akachukua nauli, akaongeza elfu tatu ya "usumbufu", akaandika tarehe 12. Siku ya safari konda anamwambia mama, siti yako iliondoka wiki iliyopita. Kumpigia kijana, hapatikani. Mwavuli upo, mwenyewe hayupo.

Ndiyo maana nasema dirisha huwa halifi. Linahamia chini ya mwavuli, na huko halina namba, halina stakabadhi, halina bosi wa kumshitakia.

— Kaka, pole kwa shangazi, lakini umesahau ulanguzi? Nilipokuwa nasoma, karani anakutazama usoni anakwambia "zimejaa", ukitoka nje hatua kumi kuna jamaa anazo tano mfukoni. Alizitoa wapi kama si dirisha hilo hilo? Nililala kwenye benchi la stesheni usiku mzima na hela ninayo. SGR, hii treni ya umeme, leo naingia mtandaoni, naona siti, napewa kontroo namba ya malipo, nalipa kwa simu nikiwa kitandani Chumbageni. Mtandao hauniulizi mie mtoto wa nani.

— Vijana, mie mstaafu, nimekaa nyuma ya kioo hicho. Ulanguzi ulikuwepo, siukatai, na wengine tuliwajua kwa majina. Ila hiyo 12 katika 100 mnaipita haraka. Hao 12 ni kina nani? Ni yule asiye na simu, asiyeona vizuri, mwenye safari ya kuunganisha treni mbili, mwenye kiti cha magurudumu. Ukifunga, hao 88 hawatajua kama kuna kilichobadilika. Na karani hakuwa anauza tiketi tu. Mtoto akipotea analetwa dirishani. Treni ikichelewa, mtu anayetukanwa ni mie, na huyo wa kutukanwa naye ana kazi yake, msicheke. Treni za chini ya ardhi za London walifunga madirisha yao mwaka 2015, wakasema wahudumu watatoka nje wasimame na abiria. Kampuni za 2023 nazo zikaja na ahadi hiyo hiyo. Sasa jiulizeni, mtu aliyesimama ukumbini bila dawati ni rahisi kiasi gani kumpunguza mwakani.

— Mzee shikamoo. Hapo kwenye dawati umenikamata kidogo.

— Marahaba.

— Kaka, ulanguzi ulikuwa ugonjwa wa daftari. Karani peke yake ndiye aliyejua siti zilizobaki. Mwekee kompyuta ile ile unayoiona wewe kitandani, na skrini moja imtazame abiria. Atakuficha nini? Shangazi atasoma tarehe yake kabla hajatoa pesa.

— Sawa, na mshahara? Treni ya Arusha sisi tunaidakia Korogwe. Siku isiyo na treni, karani anamuuzia nani? Nauli yangu ndiyo itakayomlipa akae anapiga miayo?

— Afungue zikibaki saa nne kabla ya treni kuingia. Treni ikishapita, ashike taa, vyoo, mizigo, na huyo mtoto aliyepotea.

— Saa nne nyingi. Mbili.

— Tatu, kwa sababu ya wanaotoka Lushoto. Gari la kule halina ratiba.