Mayawati na sanamu zake: alijenga heshima ya Wadalit au alijijenga mwenyewe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Juzi nimebishana na jamaa yangu kuhusu Mayawati, yule mama aliyekuwa waziri kiongozi wa Uttar Pradesh mara nne, tukaachana kila mtu na lake. Naileta kwenu.

Kwa asiyemfahamu: kazaliwa Delhi 1956, baba yake mfanyakazi wa posta. Kwao ni Wajatav, moja ya jamii za Wadalit, wale ambao mfumo wa matabaka uliwahesabu najisi. Alikuwa mwalimu wa shule, anajiandaa kwa mitihani ya kuwa ofisa wa serikali, ndipo 1977 Kanshi Ram, mwanaharakati wa Wadalit, alipobisha hodi nyumbani kwao. Akamwambia aachane na ndoto ya uofisa, atamfanya kiongozi ambaye maofisa watapanga foleni kumsikiliza. Mwaka 1984 Kanshi Ram akaanzisha chama cha BSP, alama yake tembo. Tarehe 3 Juni 1995 Mayawati akaapishwa kuongoza jimbo lenye watu wengi kuliko yote India. Umri miaka 39, mwanamke wa kwanza Mdalit kushika nafasi hiyo popote nchini humo.

Sasa sanamu. Mwaka 2007 alipata viti 206 kati ya 403, akatawala miaka mitano bila kumbembeleza mtu. Ndani ya miaka hiyo Lucknow, mji mkuu wa jimbo, na mji wa Noida zikajaa bustani za mawe zenye sanamu: Ambedkar (Mdalit, mwanasheria aliyeongoza kuandikwa kwa katiba ya India), Buddha, Kanshi Ram, tembo safu kwa safu, na yeye mwenyewe kasimama na mkoba mkononi.

Msimamo wangu: zilistahili. Ambedkar mwaka 1927 alilazimika kuongoza maandamano kule Mahad ili Wadalit wanywe maji ya bwawa la umma. Maji tu! Watu wa namna hiyo, waliofukuzwa kisimani na hekaluni, kujengewa mahali pakubwa katikati ya mji mkuu wa jimbo si anasa. Karibuni.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, naomba kutofautiana. Ambedkar sawa, Buddha sawa, hata Kanshi Ram sawa. Ila wewe ni kiongozi, uko hai, una afya, unasaini bajeti asubuhi na jioni unazindua sanamu yako! Hiyo heshima ni ya nani?

Halafu mbona bei hujaigusa? Mwaka 2013 Lokayukta, mchunguzi wa rushwa wa jimbo, alitoa ripoti kwamba katika ununuzi wa mawe ya bustani hizo, yaliyotoka Mirzapur, peke yake zilipotea kama rupia bilioni 14. Anayepigwa hapo ni Mdalit yule yule unayesema kaheshimiwa.

Mchangiaji wa 3

Mimi nilisoma India, wikiendi moja tukapita Lucknow. Ile bustani ya Ambedkar ni jiwe mwanzo mwisho, kivuli haba, jua likiwaka unatafuta pa kujificha. Nilikuwa upande wa wanaoponda.

Ndani kuna Ambedkar wa shaba kaketi kitini, ukimtazama unamkumbuka Lincoln wa Washington. Mbele yake nikamkuta mzee na mjukuu wake. Mzee kavua viatu, kagusa miguu ya sanamu, kisha akamnyanyua mtoto naye aguse. Hapakuwa na mlinzi wa kumfukuza wala kuhani wa kumuuliza ukoo wake. Nikanyamaza. Sijabadilika sana, ila tangu siku ile sicheki.

Mchangiaji wa 4

Hadithi nzuri. Mzee huyo akiugua alikuwa anatibiwa wapi? Enzi hizo hizo fedha za mpango wa taifa wa afya vijijini ziliibwa Uttar Pradesh mpaka watu wakauawa. Waganga wakuu wawili waliosimamia mpango huo Lucknow walipigwa risasi, mmoja 2010, mwingine 2011. Waziri wa ustawi wa familia, Babu Singh Kushwaha, akajiuzulu 2011, na mwaka uliofuata CBI, wapelelezi wa serikali kuu, wakamkamata. Sisemi mama aliiba yeye. Nasema jicho lake lilikuwa kwenye mawe.

Mleta mada

Hapo kwenye afya umenibana, sitajitetea. Lakini tusiseme hakufanya lingine. Mbunge wa chama chake, Umakant Yadav, alituhumiwa kupora ardhi. Mwaka 2007 alikamatwa karibu na makazi ya Mayawati. Nani mwingine kwenye jimbo lile alikuwa anakamata watu wake?

Na hili la bei, kwa nini liwe lake peke yake? Mwaka 2019 Mahakama ya Juu kabisa ya India ilipogusia kwamba huenda akapaswa kurudisha fedha, alijibu kwa kiapo kwamba bajeti ilipita bungeni, na akauliza mbona sanamu ya Patel, mmoja wa waasisi wa India huru, kule jimbo la Gujarat haiulizwi. Ile ina mita 182 na imekula kama rupia bilioni 30.

Mchangiaji wa 2

Kwa hiyo kosa la jirani linasafisha lako? Na Patel hakujisimamisha mwenyewe, alikufa 1950.

Mchangiaji wa 5

Mmesahau kituko cha Januari 2012. Uchaguzi umekaribia, Tume ya Uchaguzi ikaamuru tembo wote na sanamu za mama zifunikwe, maana tembo ndiye alama ya chama. Mafundi wakahangaika na maturubai. Sasa tembo wa mawe mfunike unavyotaka, umbo linabaki la tembo! BSP wakatamba kwa msemo wa Kihindi: tembo wazi thamani yake laki moja, aliyefunikwa laki na robo.

Utetezi wao ndio ulinimaliza: hawa si tembo wa chama, eti wa chama kateremsha mkonga, hawa wameinua kukaribisha wageni.

Na bado walishindwa. Viti vikashuka mpaka 80.

Mchangiaji wa 3

Julai ya mwaka huo huo vijana wakavunja kichwa cha sanamu yake Lucknow. Serikali mpya, ya wapinzani wake, ikaweka nyingine usiku ule ule kwa kuogopa fujo. Mkishindana kama sanamu zina nguvu au hazina, fikirieni hilo.

Mchangiaji wa 4

Nguvu ya mawe, kura hakuna. Bunge la jimbo 2022: kiti kimoja. Bunge la taifa 2024: sifuri. Chama alichorithi kwa Kanshi Ram sasa ni kumteua mpwa wake, kumtoa, kumrudisha, kumfukuza, kumrudisha tena.

Mleta mada

Kwa hiyo ukikosa kura leo, uliyofanya jana yamefutika?

Mchangiaji wa 4

Hapana. Ila tazama kiti cha bunge la taifa cha Nagina, 2024. Kipo wilaya ya Bijnor, huko huko alikopata ubunge wake wa kwanza 1989. Kiti kimechukuliwa na Chandrashekhar Azad, kijana Mdalit mwenye chama chake. Mgombea wa BSP kawa wa nne. Huyo kijana anapanda jukwaani na picha ya Ambedkar na ya Kanshi Ram. Ya mama hana.