Ushauri: mke wangu Mmarekani mweusi aliwahi kupimwa titi, tunahamia Tanga. Bima ipi?

Bahari_Kuu: Wakuu, heshima kwenu. Niko Detroit mwaka wa kumi na moja. Mke wangu ni mzaliwa wa hapahapa, Mmarekani mweusi, miaka 43. Mwezi uliopita mamogramu ilionyesha vichembe vyeupe kama chumvi kwenye titi la kushoto. Wakachukua kinyama kwa sindano, majibu yakaja: si saratani. Tunahamia Tanga karibuni. Bima ipi ya nyumbani inampokea mtu wa hivyo?

Mzee wa Ngamiani: Ukishamleta Tanga, Detroit ataisikia redioni. Karibuni.

Kontena40: Bima achana nayo, tafuta wakala wa forodha. Mimi nilirudi 2016, kontena likakaa bandarini mpaka magodoro yakaota uyoga. Si ukungu, uyoga.

Nesi_Columbus: Kaka, "si saratani" ina mafungu yake. Karatasi ya maabara inasemaje, neno kwa neno?

Bahari_Kuu: Maneno mengi ya kidaktari. Muhimu ni kwamba si saratani.

Nesi_Columbus: Kuna neno atipia?

Bahari_Kuu: Lipo. Ila daktari mwenyewe alisema si saratani, narudia.

Nesi_Columbus: Sawa, si saratani. Fungu la kwanza seli hazijaongezeka. La pili zimeongezeka ila sura ni ya kawaida. La tatu zimeongezeka na sura imeanza kupotoka, ndiyo atipia. Hospitali ya Mayo Clinic huku Marekani walifuatilia wanawake zaidi ya 9,000, wakachapisha 2005: fungu la pili hatari ya saratani baadaye karibu mara mbili, la tatu kama mara nne. Wengi wao walikuwa weupe. Baadaye watafiti wa hapohapo Detroit wakawafuatilia wanawake weusi, na kwao pia atipia ndiyo iliyopandisha hatari. Wamepanga kuikata hiyo sehemu?

Ustadhi Mpole: Vijana mnaoa ughaibuni bila kuuliza ukoo una maradhi gani. Zamani mshenga alikuwa na kazi.

Tiba_Asili: Mizizi ya mstafeli, siku 21. Njoo PM.

Bahari_Kuu: Wamempa tarehe 19. Sisi tunaruka tarehe 12. Tiketi hazirudishwi pesa, kazi nimeshaacha, na bima ilikuwa ya kazini kwangu. Msinihukumu, hata yeye anataka kuondoka. Kwani hospitali ya saratani ya Ocean Road si ipo?

Mama Zuhura: Ipo Dar mwanangu, si Tanga. Dada yangu alikuwa akipanda basi la alfajiri, anafika foleni imeshazunguka. Kila akirudi ananiletea machungwa ya Muheza, mgonjwa yeye, wa kuletewa mimi. Hebu niambie, mama mkweo yu hai?

Bahari_Kuu: Alifariki. Titi. Alikuwa na 46.

Mama Zuhura: Na hilo ulikuwa unaliweka la nini?

Jicho_la_Tatu: Wakuu, hii chai. Mwezi wa tatu huyu huyu alikuwa Gongo la Mboto anauza tairi za mtumba, uzi upo. Leo Detroit?

Kontena40: 😂😂 Leteni vitafunwa.

Bahari_Kuu: Akaunti natumia na mdogo wangu. Tairi ni zake.

Jicho_la_Tatu: Na mke ni wa nani?

Nesi_Columbus: Chai au si chai, mimi namjibu. Atipia ikionekana kwa sindano, mara nyingi wanakata sehemu ile kwa sababu sindano huonja kidogo tu, na saratani inaweza kuwa pembeni. Wamarekani weusi wanaugua saratani ya titi pungufu kidogo kuliko weupe, lakini vifo vyao vimezidi kwa karibu asilimia 40. Ile aina kali isiyosikia dawa za homoni, kwao ni kama mara mbili. Na kampuni ikiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, kwa kawaida sheria inakuruhusu kuendelea na bima hiyohiyo hadi miezi 18 ukilipa mwenyewe. Ni ghali. Uliza leo. Yeye anasemaje kuhusu tarehe 19?

Bahari_Kuu: Hatujaizungumzia. Karatasi iko droo ya jikoni, chini ya menyu za pizza. Aliiweka yeye.

Mama Zuhura: Basi kaitoe.

Bahari_Kuu: Nimeitoa. Nikamwambia na huku nimeomba ushauri. Kauliza watu wangapi wameusoma huu uzi, nikasema elfu moja na kitu. Kaichukua karatasi, kaingia chumbani, kafunga mlango. Namsikia anaongea na simu, sijui na nani.

Kontena40: Mkuu, tairi za inchi 15 bado zipo?